Ndoo ya Hannuma

Msichana anapita mbio kando ya behewa, ndoo ya soda mkononi. Mdomo unacheka na abiria, lakini macho yako kwingine, kule anakoweza kutokea askari. Nilisimamisha picha hapo hapo, nikairudisha nyuma, nikaitazama tena mara tatu. Wakati huo sikujua jina la msichana, wala sikujua kuwa kabla siku ile haijakwisha kuna mtu atachomwa kisu. Nilichokijua ni kwamba aliyetengeneza filamu hii alikaa stesheni, akatazama watu kwa makini.

Naweza kusema hivyo kwa sababu nimelelewa na ndoo. Mama yangu aliuza soda na machungwa kwenye stendi ya mabasi kwa miaka tisa, katika mji mmoja wa njiani kwenye barabara ya kwenda Arusha. Basi likiingia, unazo dakika mbili, pengine tatu. Soda za chupa ulikuwa huwezi kumpa abiria hivi hivi, maana basi likiondoka na chupa ndiyo imekwenda, na chupa ina bei yake kwa mwenye duka. Kwa hiyo mama alimimina soda kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga shingo, akachomeka mrija, yote hayo akitembea sambamba na dirisha. Noti alizikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, kila thamani na kidole chake, ili chenji isimcheleweshe. Na katikati ya kazi yote hiyo shingo ilikuwa inageuka kila baada ya muda mfupi, kutazama kama migambo wamefika. Mimi nilikuwa na miaka saba au minane, kazi yangu ikiwa kukaa juu ya ndoo ya akiba na kupiga kelele nikiwaona.

Shingo ile ndiyo niliyoiona kwa Hannuma, yule msichana wa kwenye filamu.

Filamu inaitwa Bab el-Hadid, yaani Mlango wa Chuma. Ni ya Misri, ya mwaka 1958, ya rangi nyeusi na nyeupe, na haifiki dakika themanini. Ukiitafuta mtandaoni utaikuta zaidi kwa jina la Cairo Station. Aliyeiongoza ni Youssef Chahine, na ni yeye mwenyewe anayeigiza kama Qinawi, muuza magazeti mwenye mguu mbovu. Niliipata kwenye flashi ya rafiki yangu wa Unguja aliyesoma Cairo. Alinipa flashi hiyo kwa ajili ya mambo mengine kabisa, mafaili ya kazi, na filamu ilikuwa imejificha humo miongoni mwa nyimbo. Nilipomuuliza, alisema aliiona mara moja bwenini na hakulala vizuri. Bibi yake, alipotajiwa kwamba ndani yake yumo Farid, aliuliza haraka kama ni Farid al-Atrash, yule mwimbaji. Swali hilo si la kushangaza kwa mtu wa umri wake. Zanzibar ya miaka ya 1950 ilitazama sana sinema za Misri, na watu wa taarabu walitoka ukumbini na nyimbo za Cairo mdomoni. Lakini Farid wa humu ni Farid Shawqi, mtu wa ngumi, na habari zake nitazirudia.

Mimi ni mtu wa sinema za uhalifu tangu zamani. Nilianza kwenye kibanda umiza, kwenye benchi la mbao lisilo na egemeo, na mtafsiri akitia maneno yake juu ya maneno ya Wamarekani na Wachina. Nimeona wezi wa benki, majasusi, wauaji wa kulipwa, maiti kwenye buti la gari. Baada ya miaka mingi ya kutazama, mtu unaanza kujua mapema: muziki ukipanda hivi, mlango utafunguliwa, kamera ikimkaribia huyu, huyu ndiye. Nilidhani filamu ya Kiarabu ya mwaka 1958 haiwezi kunipandisha mapigo ya moyo. Nilikosea, na nimekuwa nikiwasumbua watu tangu siku hiyo waitazame.

Hadithi yote inatokea ndani ya stesheni kuu ya Cairo, na karibu yote katika siku moja. Anayeanza kusimulia ni mzee Madbouli, mwenye kibanda cha magazeti. Anatuonyesha stesheni yake, watu wanaoingia na kutoka, kisha anatuambia namna alivyomkuta Qinawi, mtu asiye na pa kwenda, akamhurumia na kumpa magazeti auze. Halafu anatupeleka kwenye kibanda anacholala Qinawi, huko kwenye uwanja wa reli. Ndani, kuta zimejaa picha za wanawake zilizokatwa kwenye magazeti. Moja kati ya picha hizo imeongezwa kitu kwa kalamu: ndoo mkononi.

Ndoo hiyo iliyochorwa ndiyo iliyonifanya nijisogeze mbele kwenye kiti. Hakuna muziki wa kutisha wala mtu anayepiga kelele. Ni mkwaruzo wa kalamu juu ya karatasi. Lakini unaelewa papo hapo kwamba mtu huyu amekaa humu peke yake usiku mwingi, na kwamba Hannuma, anayepita stesheni akicheka na kila mtu, hajui kama yuko ukutani.

Hannuma anaigizwa na Hind Rostom, mwigizaji ambaye Waarabu walimfananisha na Marilyn Monroe. Sifa hiyo nadhani inampunja. Anaingia kwenye picha kama upepo. Anauza soda bila leseni, anakimbizana na polisi, anajificha na wenzake ndani ya mabehewa, anagombana, anacheka, anajibu kila neno. Ana mchumba, Abu Serih, mpagazi mwenye mabega mapana, ambaye ndiye Farid Shawqi. Abu Serih anataka wapagazi waungane wawe na chama chao, waachane na bwana mkubwa anayewagawia kazi apendavyo. Na Qinawi anampenda Hannuma. Anampenda kwa namna ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeichukulia kwa uzito. Yeye mwenyewe Hannuma anaichezea, kama unavyomchezea mtoto unayejua hawezi kukudhuru.

Nisimame kidogo kwenye jina. Qinawi si jina la mtu. Maana yake ni mtu wa Qena, mji wa Misri ya Juu, kusini, mbali na Cairo. Yaani stesheni nzima inamwita kwa kule alikotoka. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa jambo hilo, sisi ambao mwenye duka kwetu ni Mpemba au Mangi hata kama tumenunua unga kwake miaka kumi. Pale stendi kwetu alikuwepo mtu tuliyemwita Mrangi. Alifagia, alibeba mizigo midogo midogo, mchana alilala chini ya mkorosho nyuma ya choo cha kulipia. Hakuwa na tatizo na mtu. Mama alimpa machungwa yaliyobonyea. Alipokufa, asubuhi moja ya mvua, wazee walikusanyika ili watangaze msiba msikitini, na ikaonekana hakuna anayelijua jina lake. Nakumbuka waliulizana mmoja mmoja, wapagazi, makondakta, mama ntilie, mpaka wakamfikia mama yangu, na mama akajifunika uso kwa kanga. Alikuwa amemwona kila siku kwa miaka tisa.

Nilimkumbuka Mrangi kila mara Chahine alipoivuta kamera mpaka kwenye macho ya Qinawi. Anafanya hivyo mara nyingi, na kwa ukaribu ambao unakukosesha raha: macho tu, yamejaa kioo kizima, yanatazama. Watu wote stesheni wana haraka. Qinawi peke yake ndiye mwenye muda wa kutazama. Anatazama miguu ya wanawake wanapopanda ngazi za behewa, anatazama wachumba wanaoagana, anamtazama Hannuma kupitia kila tundu na kila dirisha. Na sisi tunatazama kupitia macho yake. Hapo ndipo ilipo hofu ya filamu hii: hujui ni lini huruma yako kwake iligeuka kuwa woga, na hata baada ya kugeuka huruma haiondoki.

Kuna tukio ndani ya treni ambalo ningependa kila mpenzi wa sinema alione. Vijana wa mjini wamepanda na vyombo vyao vya muziki, wanapiga roki. Hannuma anaingia kuuza soda, muziki unamchukua, anaanza kucheza na chupa zake katikati ya behewa, anauza huku anacheza, na behewa zima linapiga makofi. Qinawi yuko nje, dirishani. Kwa dakika chache furaha inakuwa kamili. Kisha Abu Serih anatokea, na furaha inakatika kama umeme. Anamburuta mchumba wake mpaka ghalani na kumpiga. Chahine hatuonyeshi kila kitu cha humo ndani. Anamwacha Qinawi nje ya mlango akisikiliza, kipigo kikigeuka kuwa sauti nyingine za wapenzi wanaopatana, halafu anakata na kutuonyesha reli: magurudumu ya treni yanapita, na chuma kinazama na kuinuka, kinazama na kuinuka. Sidhani kama mwaka 1958 kulikuwa na wengi duniani waliothubutu kusema jambo hilo kwa namna hiyo. Hitchcock, yule bingwa wa filamu za hofu, alikuwa bado hajatoa Psycho, ambayo ilikuja miaka miwili baadaye.

Kabla ya hapo, Qinawi ameshaposa. Anakaa na Hannuma penye chemchemi, chini ya sanamu kubwa ya farao Ramses ambayo serikali ya Nasser ilikuwa imeisimamisha mbele ya stesheni mwaka 1955. Leo sanamu haipo tena pale. Iliondolewa mwaka 2006, na sasa imesimama kwenye ukumbi wa kuingilia wa jumba jipya la makumbusho kule Giza. Kwenye filamu iko mahali pake, ikitazama juu ya vichwa vyao. Qinawi anatoa mkufu wa mama yake. Anamwahidi Hannuma nyumba kijijini na watoto, mbali na stesheni. Anasema haya yote kwa sauti ya mtu aliyeyarudia peke yake mara mia. Na Hannuma anacheka. Si kicheko cha ubaya. Ni kicheko cha mtu anayejua hesabu: wewe huna kitu, mimi sina kitu, tutakula nini? Anamrudishia mkufu.

Nimeitazama filamu mara nne sasa na bado pale natamani ningeweza kumziba mdomo asicheke.

Kinachofuata kinatoka kwenye gazeti. Kuna habari ya mwanamke aliyeuawa na maiti yake kukutwa ndani ya sanduku, na mzee Madbouli anaisoma kwa sauti kama sisi tunavyosoma habari za ajali, kwa mshangao na kwa ladha. Qinawi anasikiliza. Yaani bidhaa anayoiuza mwenyewe ndiyo inayomfundisha. Anakwenda kununua kisu. Na sanduku lipo tayari: Hannuma anajiandaa kusafiri kwa ajili ya harusi, na sanduku la vitu vyake vya bibi harusi liko pale stesheni likisubiri kupakiwa. Sikio la Mswahili linakuwa na kazi ya ziada hapa, kwa sababu neno lenyewe halihitaji kutafsiriwa. Unasikia sanduku, sanduku, na kila likitajwa linazidi kuwa zito.

Na chambo ni ndoo. Hannuma alikuwa ameiacha ndoo yake alipowakimbia polisi, na Qinawi anamwambia aje aichukue ghalani. Hakuna mtego mwingine ambao ungemfaa zaidi. Usingempata Hannuma kwa dhahabu wala kwa maneno matamu, lakini ndoo ni mtaji, na mtaji lazima ufuatwe. Ila siku hiyo ana haraka, kwa hiyo... Ninaishia hapo. Ghala lina giza, mlango unafunguliwa, na mwenye kisu anaona umbo tu.

Kuanzia dakika hiyo mpaka mwisho sikugusa simu. Sanduku linabebwa na mtu ambaye hajui amebeba nini, na sisi tunajua. Treni inapiga honi. Wapagazi wako kwenye habari za chama chao, mabinti wa soda wako kwenye shughuli zao, abiria wanagombania viti, na kila anayepita karibu na sanduku anakufanya ushike pumzi. Chahine hakuhitaji bastola wala magari ya kukimbizana. Stesheni yenyewe imemtosha: muda wa treni kuondoka ni saa ya mauti, honi ni muziki, na reli ni mahali ambapo mtu akianguka hainuki.

Sasa habari za Farid Shawqi, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini filamu hii ilisahaulika. Misri ilimwita mfalme wa terso. Terso ni daraja la tatu la viti vya sinema, mbele kabisa, pa bei ya chini, wanapokaa vijana wa kazi ngumu waliokuja kushangilia. Farid alikuwa mtu wao. Kwenye sinema zake anaonewa, anavumilia, kisha anaamka na kuwapiga waonevu mpaka ukumbi unatetemeka. Watu walipoona jina lake kwenye bango la Bab el-Hadid, walilipa wakitegemea hilo. Wakakuta shujaa wao amewekwa pembeni, na katikati ya picha yupo kilema muuza magazeti anayetokwa jasho na kutazama miguu ya wanawake. Walikasirika. Filamu ilikataliwa na watazamaji wa kwao, ingawa mwaka huo huo ilishindanishwa kwenye tamasha la filamu la Berlin, na Misri iliituma kuwania Oscar, ikiwa ya kwanza kutumwa kutoka Afrika na nchi za Kiarabu. Ikawekwa kando. Ilichukua takriban miaka ishirini mpaka Wamisri wenyewe wakairudia na kuikubali, na mwaka 1996, wahakiki wa Misri walipochagua filamu mia bora za nchi yao, ikawa miongoni mwa kumi za mwanzo.

Siwalaumu wale wa terso. Nimekaa viti vyao. Mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri akaingia sinema jioni ana haki ya kutaka kumwona mtu kama yeye akishinda. Nami ningekuwa na miaka kumi na sita kwenye kibanda umiza, nadhani ningepiga mbinja na kudai tubadilishiwe mkanda. Lakini inaniuma kufikiria kwamba filamu iliyowatazama wapagazi kwa upendo kiasi kile, iliyoonyesha namna kamba inavyokaa begani, namna wanavyogawana kazi na namna wanavyodhulumiwa, ilikataliwa na wapagazi.

Kuhusu Chahine mwenyewe, jambo moja linanishangaza kila nikilifikiria. Alizaliwa Alexandria mwaka 1926, akasoma shule ya watu wenye uwezo, akaenda California kusomea uigizaji Pasadena. Ni yeye aliyemtoa mwigizaji Omar Sharif kwenye filamu mwaka 1954, kabla dunia haijamjua. Angeweza kumtafuta mtu mwingine aigize Qinawi. Akaamua kuwa yeye. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, jina lilikuwa limeanza kukua, akavaa kofia ya muuza magazeti, akaburuta mguu mbele ya kamera yake mwenyewe. Hakuna hata sekunde moja anayomfanya Qinawi achekwe. Wahusika wanamcheka, ndiyo, kila siku. Kamera haimcheki. Baadaye alipata heshima nyingi, ikiwemo tuzo ya tamasha la filamu la Cannes ya mwaka 1997 kwa kazi za maisha yake yote, na alifariki mwaka 2008. Lakini kwangu yeye ni yale macho.

Nisiifanye kuwa filamu isiyo na dosari. Hadithi ya chama cha wapagazi inaanza kwa nguvu na kumalizwa haraka, kama mtu aliyekumbuka treni yake inaondoka. Kipigo cha Abu Serih kinapita bila yeyote kukiuliza. Hannuma anatoka ghalani akitabasamu, na filamu inaendelea na safari yake. Nilipokuwa natazama na mke wangu, aliinuka hapo akaenda jikoni, na hakurudi mpaka nilipomwita. Ana haki. Na lipo la mguu. Kumpa kilema kisu ni jambo ambalo sinema za dunia zimelifanya mno, na watu wenye ulemavu wamechoka nalo. Nimelifikiria sana. Naona filamu hii inajitetea kidogo tu, kwa kuwa inaonyesha wazi kwamba si mguu uliomfikisha Qinawi pale, ni upweke na kicheko cha watu. Lakini asiyeridhika na utetezi huo sitabishana naye.

Hannuma nitamtetea mpaka mwisho. Nimesoma watu wakimwita mchokozi, kwamba alimtia Qinawi wazimu kwa makusudi. Watu hao hawajawahi kuuza kitu dirishani. Kucheka na wateja ni sehemu ya kazi. Ukinuna, anayeuziwa ni jirani yako. Mama alikuwa mcheshi wa stendi nzima, makondakta wote walimwita mchumba, na akifika nyumbani alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, na nusu saa nzima hakuna aliyethubutu kumsemesha. Hind Rostom anaijua nusu saa hiyo. Mtazame pale anapokuwa peke yake, pale tabasamu linapoanguka kidogo kabla halijapandishwa tena.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilipokwenda kumsalimia mama, nilibeba kompyuta.

Mama sasa ana miaka sitini na nane, macho yamepungua, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yanampita kabla hajayasoma. Kwa hiyo nikamfanyia kazi ya mtafsiri wa kibanda umiza. Tulikaa sebuleni baada ya swala ya isha, kompyuta juu ya stuli, na mimi nikawa nasema: huyu anasema hivi, huyu anamjibu hivi. Mwanzoni alikuwa ananisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza habari za kazi yangu. Kisha Hannuma akatokea na ndoo. Mama akaketi wima.

"Huyo anajua," akasema.

Baada ya hapo hakunihitaji sana. Polisi walipoingia, alisema "haya, wamefika," kabla sijafungua mdomo. Aliwaona wasichana wakijificha ndani ya behewa akapiga paja. Qinawi alipotoa mkufu pale penye chemchemi, aliguna kwa huruma, na Hannuma alipocheka akasema polepole, "Usimcheke, mwanangu. Mkatae, lakini usimcheke." Kwenye ghala alinishika mkono, na vidole vyake, vile vilivyokuwa vinabana noti, bado vina nguvu.

Mwisho wenyewe sitausimulia wote. Ni usiku, ni kwenye reli, kisu kiko shingoni mwa mtu, na polisi na wapagazi wamezunguka, wote wanaogopa kusogea. Aliyeweza kusogea ni mzee Madbouli. Hana silaha. Anamwendea Qinawi akizungumza naye kwa sauti ya baba anayemwandaa mwanawe, juu ya harusi, juu ya nguo mpya za bwana harusi ambazo inabidi avae sasa hivi, watu wanasubiri. Sauti yake haitetemeki hata kidogo. Na Qinawi, kwa mara ya kwanza siku nzima, anatabasamu kama mtu anayeaminiwa. Nguo ni za namna gani, utaona mwenyewe. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama barazani.

Picha ilipokwisha, sebule ilikuwa na mwanga wa kompyuta tu. Nilidhani mama amesinzia. Nikafunga kifuniko taratibu, nikainuka niwashe taa.

"Na ile ndoo yake," mama akaniuliza, "ilibaki kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua tena kompyuta, nikarudisha picha mpaka pale ghalani, tukaanza kuitafuta.